Mikono ya Anyesi Yamrudisha Mumewe Kwenye Kahawa

Saa kumi na mbili asubuhi, Aminieli anakoroga mrututu ndani ya pipa. Dawa hiyo ya buluu ya kunyunyizia kahawa imemrukia hadi kwenye nyusi, wala hajali. Anaimba wimbo wa kanisani, tena kwa sauti mbaya kweli, na hakuna anayemnyamazisha. Ndiyo kwanza amerudi kazini baada ya miezi mitano ya kukaa nyumbani.

"Mungu ni mwema," anasema akilipandisha bomba mgongoni. "Na mke wangu naye si haba."

Aminieli, mwenye miaka hamsini na miwili, hunyunyizia dawa mashamba ya kahawa juu ya Tengeru. Mwaka jana, 1958, alianza kukonda na kunywa maji kupita kiasi. Hospitalini Arusha wakamkuta na kisukari, wakampa vidonge vipya vilivyotoka Ulaya. Nguvu zikamrudia. Lakini wiki chache baadaye ngozi ikaanza kumwasha: mikono, shingo, kisha mwili mzima ukajaa vipele na kubanduka.

Kila mtu akajua mchawi ni nani: mrututu. Nyapara akamsimamisha kazi kwa huruma. Majirani wakamletea majani ya kuogea. Kanisani watu wakawa wanampungia tu badala ya kumpa mkono, na hilo lilimuuma kuliko vipele vyenyewe. Lakini hofu yake kubwa ilikuwa kwamba hatabeba bomba tena, na kazi nyingine haijui.

Basi akakaa nyumbani, akaoga majani, akameza vidonge vyake bila kukosa. Vipele vikazidi.

Aliporudi hospitalini, tabibu msaidizi, Bwana Kaanaeli, alimuuliza ni nani hufua nguo zake za kazi. Mkewe, Anyesi, alikuwa amekaa hapo hapo kwenye benchi. Kaanaeli akaomba kuiona mikono yake.

"Miaka yote naufua mrututu huo," Anyesi alimwambia, "na sijaota hata kipele kimoja."

Hapo ndipo vidonge viliposhukiwa. Vikasimamishwa, ngozi ikatulia, na sasa imepona. Aminieli hana kinyongo navyo. Anasema vilimnyanyua kitandani, ila havikupatana na mwili wake. Alimpelekea Kaanaeli mkungu wa ndizi wa shukrani, akaubeba mwenyewe hadi mjini.

Siku hizi anatumia sindano za insulini. Anyesi alifundishwa hospitalini: kila alfajiri huchemsha sindano, humchoma, kisha humuuliza kama imeuma.

"Inauma sana," Aminieli ananong'ona. "Lakini namwambia haiumi, mkono wake usije ukatetemeka. Ninachoomba ni kuzeeka nikichomwa na huyu huyu."