Glasi Moja ya Kutuliza Mkono

Lyamba hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Siku ya soko la tumbaku, mnunuzi akilidharau jani lake, alilikalia robota lake akikataa kuuza mpaka yule mtu alegee. Tangu Jumatano ya Majivu hakuonja pombe. Kila siku alipita kilabuni kwa Mama Gaudiose akisalimia bila kusimama. Siku za utulivu aliweza. Ila shida ikimkaba ghafla, hesabu zote ziligeuka: kilichokuwa karibu na mkono kikawa kikubwa, cha mbali kikafifia.

Siku moja alikuwa anachochea moto wa bani lake la kukaushia tumbaku, shemeji yake Selestine akaja na baiskeli, jasho linamtiririka.

"Shemeji, mwanao Mariana yuko hospitali mjini. Malaria imemmaliza damu. Ya mama yake imekataa, ya kwangu imekataa. Wanakutaka wewe."

Lyamba akautazama moto. Jani lilikuwa ndiyo kwanza linageuka njano, na mwenye bani haondoki wakati huo.

"Nenda, moto niachie," alisema jirani yake Josephat. "Au unadhani umezaliwa peke yako na kazi hii?"

Selestine akaendelea kwenda kutafuta ndugu wengine. Lyamba akapanda baiskeli yake. Kufika kwenye mteremko, mikono ilikuwa inatetemeka hadi usukani unayumba. Akawaza: nikifika hivi, wakwe watasema nimelewa. Nesi naye ataona taabu kunichoma. Ukilisikiliza haraka, wazo lile lilikuwa na akili ndani yake.

"Leo Kwaresima imeisha?" Mama Gaudiose alimuuliza.

"Moja tu, mama. Mkono utulie. Naenda kumtolea mtoto damu."

"Basi si uende?"

"Mimina."

Akamimina wanzuki, pombe ya asali; kuuza ndiyo kazi yake. Na mkono ulitulia kweli. Glasi ya pili aliinywa kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imefanya kazi. Ya tatu hakuitafutia sababu.

Hospitalini nesi alimshika mkono, akauachia.

"Baba, umekunywa."

"Kidogo. Damu ni ile ile ya mwaka jana. Mlimwekea, akapona."

"Mwaka jana ulikuja mzima. Kakae pale."

Mkewe Theopista alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakumtukana. Alikaza kitenge kiunoni akatoka kwenda sokoni Kashaulili, akawa anawasimamisha wabeba mizigo mmoja mmoja. "Kaka, nisaidie damu, mwanangu anakufa." Wengine walimcheka, wakadhani amechanganyikiwa. Mmoja, Antoni, Mrundi wa Mishamo aliyeleta maharage, alitua gunia akamfuata bila maswali.

Damu ya Antoni ilikubali. Lyamba akiwa kwenye benchi aliiona inashuka polepole kwenye mpira, akaanza kupanga jinsi atakavyoomba msamaha mambo yakishakaa sawa. Mfuko ulikuwa haujajaa nesi wa pili alipotoka wodini, akamnong'oneza mwenzake, na yule akachomoa sindano mkononi mwa Antoni.

Theopista hakuhitaji kuelezwa. Alikwenda kwa Antoni, akamshika mikono yote miwili.

"Asante, kaka. Wewe ulikuja."

Lyamba alisimama, akangoja na yeye aambiwe neno, hata la matusi. Theopista akampita, akaingia wodini kumfunika mtoto uso.