Mgongo wa Kumbebea Mama

Mume wangu Gil-sang ni mnene. Simsengenyi, anajua mwenyewe, na soko zima la Masan, mji wetu hapa Korea, linajua. Kutwa ameinama mezani akikanda unga wa tambi, na kinachobaki sufuriani anakimaliza yeye.

Mwaka juzi mgongo ukamkamata. Diski moja kati ya pingili za uti wa mgongo ilichomoka ikabana mshipa wa fahamu, na maumivu yakashuka toka kiunoni mpaka kidole gumba cha mguu. Akawa anakanda unga huku kaegemeza goti kitini, akiguna.

Lakini kilichomkosesha raha hasa ni mama yake, aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka sabini. Kwetu, siku hiyo mtoto wa kiume humbeba mama yake mgongoni na kumzungusha ukumbini watu wakiimba. Gil-sang ni mtoto wa pekee, tena hakumjua baba. Mama alimlea akiuza mboga, naye kafungwa mgongoni kwa mbeleko. Kusogeza sherehe mbele haikuwezekana, maana kwetu siku ya kuzaliwa huwahishwa tu. Ukiichelewesha, unaitafuta nuksi.

Daktari wa kwanza alilitazama tumbo kabla hajatazama picha. "Punguza kilo thelathini, ndipo urudi."

"Nipunguzeje, Dokta, na kutembea kwenyewe siwezi?"

Daktari akamwita mgonjwa mwingine. Alirudi nyumbani akala bakuli mbili za hasira.

Tukaenda Busan kwa Dokta Ok, mama mmoja mfupi asiye na simile. "Mimi sipasui mgongo wote," alisema. "Naingiza mrija mwembamba wenye kamera, nanyofoa kile kipande kinachobana, basi. Watu wa mwili kama wako kidonda kikubwa huwasumbua kupona. Kwako nitatumia mrija mrefu kidogo, safari ni ndefu."

"Kwa hiyo kupungua si lazima?"

"Utapungua vilevile. Usinichezee."

Walimlaza kifudifudi, wakampiga ganzi, wakamwacha macho ili aseme mguu unavyojisikia. Akaona hapo ndipo pa kupigia soga. "Dokta, mwezi ujao nitambeba mama yangu?"

"Thubutu! Miezi mitatu hubebi hata gunia la unga."

Akaangua kilio palepale. Nesi akadhani ganzi imeisha.

Jioni alitembea mwenyewe hadi chooni, mguu hauumi hata chembe. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia muuguzi nisiyemjua. Gil-sang mwenyewe kanuna.

"Mama ni mwepesi kama kuku," alininong'oneza nyumbani. "Dokta atajuaje?"

"Baba Eun-bi, ukimbeba nitapiga kelele ukumbi mzima usikie."

"Nilimwahidi tangu nikiwa mdogo kwamba nitambeba. Ahadi ni ahadi."

"Na ukirudi kulala kifudifudi, tambi atakanda nani? Dokta Ok?"

Akavuta shuka akajifunika, nami namjua: akifanya hivyo ameshaamua. Nikampigia mama mkwe simu, nikamwaga yote.

Siku ikafika. Keki za mchele zimepangwa kama mnara, mama kavaa hariri ya rangi ya pichi. Mwimbaji akaita, "Mwana, mbebe mama!" Gil-sang akasimama mbele yake, akaanza kuchuchumaa. Nikainuka, mdomo wazi tayari.

"Simama wima, mjinga wee!" mama akamkemea. Akachomoa mbeleko kuukuu kwenye mkoba wake, akajibana nyuma ya mwanawe, akaizungusha tumboni mwa Gil-sang. Haikufika. Ukumbi ukavunjika mbavu.

"Zamani ilikuzunguka mara mbili!" akasema mama, na shangazi mmoja akatoa mtandio wake, wakaunga. Ndivyo walivyofungwa pamoja, shavu la mama mgongoni kwa mwanawe na miguu yake miwili chini sakafuni.

"Mama, huku si kubeba," Gil-sang alisema.

"Nani alikwambia nataka kubebwa? Mimi nilikubeba ili utembee. Haya, tembea."

Akatembea, taratibu, mama akikanyaga anapokanyaga yeye, wakazunguka ukumbi mzima. Nami niliyejiandaa kupiga kelele nilizipiga kweli, ila zilikuwa za wimbo, na machozi yalinitiririka mpaka kwenye supu.