Kutwanga Kusiko na Makande

Mimi si mtu wa kutulia, na kazi niliyopata ni ya kukaa. Ninajaza nyaraka za mizigo katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Tunduma. Mtandao ukikata, tunangoja. Upande wa pili wa mpaka wakienda kula, tunangoja. Nikingoja, mguu wangu wa kulia ulikuwa ukicheza chini ya meza na mkono ukitafuta cha kutia mdomoni: andazi, karanga, soda ya tatu. Mwenzangu wa meza ya pili aliwahi kuniambia nina haraka ya kwenda mahali nisipopajua. Nilimnunia siku nzima kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mwaka niliotimiza arobaini na mmoja nilianza kuhema nikipanda ngazi za ofisi, na ngazi zenyewe ni kumi na mbili tu. Nikaenda kupima. Muuguzi alinifunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akatazama, kisha akahamia mkono wa pili. Nilijua kabla hajasema. Mama yangu alianguka kwetu Iyula akichuma kahawa, hajafika hata miaka hamsini, na upande wake mmoja haukuamka tena mpaka tulipomzika. Muuguzi alinipa vidonge, akaniambia nipunguze chumvi na soda, niutikise mwili kila siku, na nirudi baada ya miezi miwili. Presha isiposhuka, wangeongeza dawa. Nilitoka pale nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Kuutikisa mwili Tunduma si jambo jepesi. Ukikimbia barabarani unakimbia katikati ya malori, vumbi na bodaboda, na mama mtu mzima akionekana anakimbia, watu husimama kuulizana amefiwa na nani. Nilijaribu mara moja. Majirani watatu walinipa pole.

Jibu nililipata kwenye foleni ya malori. Nilikuwa nimepeleka karatasi kwa dereva mmoja Mzambia, mzee mwenye mvi, nikamkuta kando ya lori lake anaruka kamba. Kamba yenyewe ilikuwa ile ya kufungia turubai. Nilisimama na karatasi zangu mpaka alipomaliza, nikamuuliza kama ameishiwa na kazi. Alicheka, akaniita mama kwa lugha ya kwao, akanijibu kwa Kiswahili chake cha barabarani.

"Bamayo, lori ikikaa siku nne, haina shida. Mwili ikikaa siku nne, inaoza."

Alinikatia kipande, akanifundisha kukipima: kanyaga katikati, ncha zifike kwapani. Viwiko vibane mbavu, kamba izungushwe kwa viganja na si kwa mabega, uruke chini chini na kutua kwa vidole. Kuruka juu sana, alisema, ni kujionyesha, na magoti ndiyo yatakayoumia.

Nyuma ya jiko letu kuna kiuwanja cha udongo. Siku ya kwanza niliruka mara saba, kamba ikaninasa, nikaitukana. Muuguzi, nilipomuuliza, alikuwa ameniambia nianze taratibu na vidonge nisiviache, kwa hiyo nilikuwa naruka nusu dakika, napumzika dakika nzima, nikijihimiza na kujigombeza. Wiki ya tatu zile ngazi kumi na mbili nilizipanda nikiongea na simu. Usingizi ulikuja mapema. Sketi ya kazini ikaanza kuzunguka kiunoni. Na mguu ule chini ya meza ukatulia, jambo lililomshangaza mwenzangu kuliko yote. Sijui madaktari wanaliitaje jambo hilo, mimi naona haraka yangu ilikuwa imepata pa kutokea.

Hapo ndipo baba mkwe alipokuja.

Baba mkwe wangu ni mtu wa Ibaba, milimani Ileje, mgane wa miaka mingi. Kwa mila yao, mke wa mtoto haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Wengi wameacha, siku hizi wanakaa benchi moja kanisani, lakini mzee hakuacha, na mimi niliolewa nikijua. Kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kumtazama usoni. Alikuja kutibiwa kidonda cha mguu, akaja na gunia la mahindi na kiroba cha maharage, tukampa chumba cha nyuma kinachopakana na jiko. Mume wangu ndiye aliyempelekea chakula. Mimi nikitaka kupita, nilikohoa kwanza, naye akageukia pembeni.

Siku mbili za mwanzo sikuruka. Ningerukaje, akitoka kwenda msalani anikute nadundadunda kama mpira? Nikawa natembea ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, nagombana na kila sufuria. Siku ya tatu nilihesabu wiki zilizobaki kabla ya kurudi kupima, nikamkumbuka mama, nikaifunga kanga kiunoni. Nikawa naruka alfajiri, yeye akiwa bado kitandani.

Haikuisha wiki mbili. Jioni moja mume wangu alitoka chumbani kwa baba yake anajikuna shingo. Alizunguka maneno weee, mwishowe akayatoa. Mzee anauliza mkwe anatwanga nini. Kila alfajiri anasikia kinu ukutani, du, du, du, mpaka kunapambazuka, naye analala akingoja makande. Lakini tangu afike analetewa wali na ugali wa unga wa mashine. Mahindi yanayotwangwa yanakwenda wapi?

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikanikauka, maana niliielewa tuhuma. Mwanamke anayetwanga kila siku na chakula hakionekani, huyo anapeleka kwao. Mzee wa watu alikuwa amelala pale na kidonda chake, akiamini mkwewe anawaibia wajukuu wake.

Mume wangu alikuwa na dawa ya haraka: nipike makande kesho, na kamba niipumzishe mpaka mzee aondoke. Mzee alikuwa na mwezi mzima mbele yake, mimi nilikuwa na siku kumi na mbili tu kabla ya kurudi kupima. Hasira zilinipanda. Nilimwambia makande nitapika, kamba siachi, na baba yake aambiwe ukweli. Akauliza atamwambiaje mzee kwamba mke wake anarukaruka. Nikamjibu atumie Kindali, lugha yao, kina maneno ya kutosha.

Sijui alivyomweleza, ila presha aliitaja. Asubuhi iliyofuata nilitoka na kamba yangu, nikakuta mzee amenitangulia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, mguu wenye bandeji ameunyoosha. Nilirudi haraka nyuma ya mlango, moyo ukinipiga kuliko siku yoyote ya kuruka. Nikakohoa, nikitegemea ataondoka. Hakuondoka. Nikasikia kigoda kinaburutwa, na nilipochungulia alikuwa amekigeuza, ameutazama ukuta, mgongo ameuelekeza uwanjani.

Nilitoka. Niliruka vibaya, miguu mizito kwa aibu, na mara ya nane kamba ikaninasa. Nilidhani sasa ameridhika kwamba hakuna kinu wala mahindi yaliyoibwa, nikaanza kuikunja. Ndipo aliposema, uso ukiwa bado ukutani.

"Mke wangu naye alikuwa na presha. Nikamwambia akae, apumzike. Kila kazi nikamzuia. Nilidhani namtunza." Akaupapasa mguu wake. "Wewe usikae, mwanangu."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia. Sikujua kama mila inaniruhusu kumjibu. Nikaikunjua kamba nikaruka huku nalia, nikinaswa na kuanza upya, na yeye hakugeuka mpaka nilipoingia ndani.