Tunazika Padri, Tunasifu Mashine

Paroko wetu wa zamani amefariki, tumemzika Jumamosi, nami nimerudi kutoka mazishini nimeudhika, hata chai haikushuka. Msomaji wangu ananijua, mimi si mtu wa kununa. Lakini wasemaji walipanda mmoja baada ya mwingine, na wote wakasifu mashine ya kusaga, ukumbi wa harusi na pikapu ya kukodisha. “Alikuwa mtu wa miradi!” alisema mwenyekiti wa kamati. Mama mmoja kando yangu akanong’ona, “Jamani, huyu tunayemzika ni padri au ni meneja?” Miradi yenyewe ilikuwa ya kamati. Yeye aliisahau kila wiki, wakamgombeza kila mwezi.

Sichukii biashara. Tangu milango ya biashara huria ifunguliwe kila mtu Dodoma anauza kitu, na mimi mwenyewe naota duka la kaseti pale Chang’ombe, lenye spika mbili mlangoni. Kwa sasa napakia mizigo, na ndivyo nilivyomfahamu marehemu. Siku hiyo pikapu ya parokia ilikodishwa kupeleka zabibu sokoni. Tulikuwa tumeshapanga matenga, nami nimekaa juu yake, mara akaja mtu anahema: mama yake, ng’ambo ya Miyuji, yu mahututi na anamwita padri. Paroko akachukua mafuta matakatifu, akaingia mbele karibu na dereva. “Twende huko kwanza.” Mwenye zabibu, muumini wa misa ya kwanza kila Jumapili, akashika mlango. “Baba, zabibu hazingoji! Jua hili hulioni?” Paroko akamjibu, “Nalionea huruma tenga lako, mwanangu. Panda, twende wote.”

Nilidhani ni kumpaka mafuta na kuondoka. Wapi! Bibi yule alitaka kuungama, tena kwa Kigogo, polepole, na Kigogo cha paroko kilikuwa cha kusalimia tu, mbukwa na mawili matatu. Akakaa hivyo hivyo. Sisi nje tuliyafunika matenga kwa majani huku mwenye zabibu akizunguka gari na kulalamika, “Ameelewa nini humo ndani? Si ampake tu tuondoke!” Zabibu za juu zikaanza kutoa maji. Hatimaye paroko akatoka, kanzu imemganda mgongoni. “Amelala,” akasema. Mwenye zabibu akavua kofia. “Amefariki?” “Hapana, amelala usingizi. Mwanawe anasema wiki nzima alikuwa akiogopa kufumba macho.” Mwenye zabibu akairudisha kofia kichwani, akanuna upya, maana nusu ya mzigo ilikuwa imeharibika. Kamati nayo ikamweka paroko kikaoni: “Baba, gari la mradi si la wagonjwa!” Nasikia aliwajibu, “Basi mradi wenu utembee kwa miguu.”

Shule yangu iliishia darasa la saba, mambo ya teolojia siyawezi. Ila nilichokiona pale ndicho ninachokiita upadri. Bibi alikuwa anaogopa kwenda peke yake mbele za Mungu, akaja mtu aliyewekewa mikono kwa kazi hiyo, akakaa naye, akayapokea hata maneno asiyoyaelewa, akampa msamaha ambao si mali yake. Kuelewa ilikuwa kazi ya Mungu. Yeye alitakiwa awepo. Kazi hiyo haina risiti, ndiyo maana mazishini hakuna aliyekumbuka kuitaja.

Sasa nasikia wajumbe wa kamati wanajiandaa kwenda kwa askofu kuomba paroko mpya “aliyesomea biashara.” Shikamooni wazee wangu, ninyi ni wakubwa kwangu, lakini mnanichosha! Mashine ikiharibika tutaita fundi, na ukumbi hata mimi naweza kuufagia na kuufunga. Hofu ya mtu anayekufa tutampa nani? Mkiomba meneja, askofu anaweza kuwapa meneja kweli, tena hodari. Na siku mama zenu watakapomwita, mtaambiwa yuko kikaoni.