Mwanamieleka aliyekubali kuitwa mbaya ili asiitwe mgonjwa

Saa tatu asubuhi, ndani ya ukumbi mtupu, mwanamume mwenye mabega mapana amepiga magoti juu ya fremu ya chuma akipanga mbao. Anaweka moja, anaigonga kwa kiganja, anasikiliza, kisha anaikanyaga kwa kisigino. Ikiyumba, anaitoa na kuiweka kando.

Juu ya mbao hizo zitatandikwa sponji nyembamba, halafu turubai, halafu zitafungwa kamba kwenye nguzo za pembeni. Alasiri viti vitajaa, na wanamieleka watarushana hapa huku watoto wakipiga kelele mabegani mwa baba zao.

Yeye hatakuwepo. Akishakaza parafujo ya mwisho hutokea mlango wa nyuma, ule wa kutolea takataka. "Sipendi kukutana na watu wanaonikumbuka," anasema bila kuinua uso.

Wanaomkumbuka humwita Gogo. Ndilo jina lake la ulingoni, na ndilo aliloomba tulitumie. Aliomba pia tusimpige picha.

Ana umri wa miaka arobaini na minne. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akipanda ulingo kama huu karibu kila wiki. Siku hizi anaujenga na kuubomoa, kwa ujira wa siku usiofika nusu ya alichokuwa akilipwa kwa pambano moja.

Kabla ya mieleka alikuwa mchukuzi katika kiwanda cha mbao. "Zamani mimi nilizibeba mbao, baadaye zikanibeba zenyewe," anasema, na hapo tu, kwa mara ya kwanza asubuhi hii, anatabasamu. "Sasa hivi tunaheshimiana."

Jina la Gogo lilitokana na namna alivyokuwa akianguka, mzima mzima, kama mti uliokatwa. Katika mieleka ya maonyesho mshindi hupangwa mapema, jambo ambalo watu wazima wote ukumbini wanalijua. Kazi ya Gogo ilikuwa kushindwa, na kushindwa kwa namna ya kumfanya mwenzake aonekane simba. Alifundishwa kubana kidevu kifuani, kutoa pumzi na kupiga sakafu kwa mikono yote miwili ili kishindo kitawanyike.

Lakini mazoezi hayakukiokoa kichwa. Kuna siku mguu wa mwenzake ulichelewa, kuna siku kiti cha chuma kilimpata pasipokusudiwa. Mara ya kwanza alipomwona refa mmoja kama watu watatu, aliwaambia wenzake katika chumba cha kubadilishia nguo. Wakacheka. Mmoja akamwambia ampige yule wa katikati. Naye akacheka, na wiki iliyofuata akapanda tena.

Maumivu ya kichwa yakawa ya kila siku. Alianza na vidonge vya kawaida vya dukani. Vilipoacha kumsaidia, chumbani mle mle wakampa vingine vikali, vilivyofungwa katika kipande cha karatasi, ambavyo wenyewe waliviita pipi. Akawa anameza pipi ili apande, na anameza pipi ili alale.

Mkewe, ambaye ni msusi na ana saluni yake mbele ya nyumba, alianza kuona mambo yasiyoeleweka. Mumewe alivunja mlango wa bafu kwa sababu taulo halikuwepo. Jioni ileile mkewe alimkuta amekaa chini nyuma ya mlango huo huo, analia, hawezi kueleza analilia nini. Aliacha kuita vitu kwa majina yake; kila kitu kikawa "hicho" na "kile". Majirani walisema amezama kwenye pombe.

"Sijawahi kunywa pombe," anasema Gogo. "Lakini nikawaacha waseme. Mlevi watu wanamzoea."

Anaposimulia habari za mama mkwe wake, sauti yake inashuka hadi inabidi nimsogelee. Mama huyo alikuwa amevunjika nyonga, akaja kuuguzwa nyumbani kwa binti yake. Hospitali ilimpa dawa kali za maumivu. Gogo aliposhindwa kupata pipi, aliingia chumbani kwa mama mkwe, mahali ambapo kwa adabu hakupaswa hata kusimama mlangoni, akachukua vidonge vyake na kuacha vya kawaida katika chupa ile ile.

Kutwa nzima alimsikia mama huyo akigugumia upande wa pili wa ukuta. Mama alimwambia binti yake kwamba dawa za siku hizi zimepungua nguvu. Gogo alikuwa pale pale mezani, anakula.

"Nilimeza chakula," anasema. "Sijui nilikimezaje."

Pambano lililokatisha kila kitu lilikuwa kati yake na shemeji yake, kaka mdogo wa mkewe, anayejulikana ulingoni kama Mwewe kwa sababu alikuwa akiruka kutoka juu ya kamba. Ni Gogo mwenyewe aliyemleta katika mieleka, akamfundisha kuanguka kabla hajamfundisha kurusha ngumi. Walikuwa wakila sahani moja.

Miezi michache kabla ya pambano hilo, promota alikuwa amemwahidi Gogo kwamba safari hii, baada ya miaka yote ya kushindwa, atashinda mkanda wa ubingwa. Halafu promota akabadili mawazo. Watu walikuwa wanampenda Mwewe, na mkanda ukapangiwa Mwewe. Kila mtu chumbani alijua. Gogo alimpa shemeji yake mkono, akamwambia auvae vizuri.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mwewe angeruka, Gogo angempokea na kuanguka chali, refa angehesabu. Walishafanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba hawakuhitaji hata kukumbushana. Lakini mapema katika pambano Gogo alianguka vibaya, kisogo kikagonga mahali ambapo ubao ulikuwa umeachana na mwenzake.

Alisimama, ila anasema aliyesimama hakuwa yeye. Kelele za ukumbi zilikatika kana kwamba ametumbukizwa kichwa ndani ya pipa la maji. Mbele yake kulikuwa na mwanamume aliyevaa bluu, na hakujua ni nani wala kwa nini anamjia. Akamnyanyua hadi juu ya kichwa.

Wanamieleka huwa wananong'onezana ulingoni, watazamaji wasisikie. Mwewe, akiwa juu mikononi mwake, alimnong'oneza: "Shem, ni mimi. Nishushe."

"Nililisikia neno shem," anasema Gogo. "Nikawa najiuliza, shem ni nani."

Alimtupa chini, akaangukia bega na shingo. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe, watu wakidhani wanaonyeshwa kitu kipya. Refa peke yake ndiye aliyepiga magoti, akainua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa chake, ishara kwamba mambo si mchezo tena.

Mtulinga wa Mwewe ulikuwa umevunjika, na pingili moja ya shingo ilipata ufa. Alipona kiasi cha kutembea na kujihudumia, lakini mkono wake wa kulia haupandi juu ya bega hadi leo. Sasa anauza vifaa vya simu katika kibanda chenye rafu za chini chini, alizozipanga mwenyewe ili azifikie.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, fahamu zilipomrudia, Gogo alimkuta promota amesimama mbele yake. Wanamieleka wote walikuwa pale, na refa pia. Promota alimuuliza kama amefanya makusudi kwa sababu ya mkanda.

Gogo anasema alikuwa na majibu mawili. La kweli ni kwamba hakumbuki alichofanya. Akilisema hilo, wangemtoa kazini siku hiyo hiyo, na mtaani angeitwa punguani. La pili lilikuwa limeshaandaliwa na promota mwenyewe, ilibaki kulichukua tu.

"Nikasema: alijiona sana."

Mtu mwenye roho mbaya hupewa pambano jingine, mgonjwa wa kichwa hapewi. Hesabu hiyo ilimtokea sawasawa. Promota alimtoza faini mbele ya wenzake, kisha akamweka kwenye mabango kama msaliti aliyemvunja ndugu wa mkewe kwa wivu. Watu wakaja kwa wingi kumzomea. Gogo akavaa nguo nyeusi, akawatolea ulimi, akapokea malipo.

Nyumbani, mkewe aliacha kumsemesha. Alikuwa akipakua chakula, anakiweka mezani, anatoka. Mama mkwe, nyonga ikiwa bado haijakaza vizuri, alihamia kwa mwanawe kumuuguza. Aliondoka kwa mkongojo, na Gogo alimshikia mlango wa gari. Mama hakumtazama.

"Saluni ni mahali ambapo huwezi kukimbia maneno," anasema mkewe. "Umeshika kichwa cha mtu, lakini mdomo wake huwezi kuushika. Walikuwa wananiuliza, eti unalalaje na mtu aliyemvunja ndugu yako? Nilikuwa nasuka tu."

Alikuwa ameapa kutoitazama video ya pambano lile. Siku moja mteja aliyekuwa amekaa kitini aliifungua katika simu yake, bila nia mbaya, kwa kuwa ilikuwa imesambaa kila mahali. Msusi akaiona kupitia bega la mteja. Hakuangalia ndugu yake anavyotupwa. Aliuona uso wa mumewe kabla ya hapo.

Anasema aliwahi kuuona uso ule jikoni, siku mumewe aliposimama na birika mkononi asijue ni la kufanyia nini. Aliwahi kuuona barabarani karibu na nyumba yao wenyewe, alipomkuta anasoma vibao vya maduka kama mgeni. Mtu mwenye hasira anamjua, ameishi naye. Huyu wa kwenye simu alikuwa amepotea.

Alimwomba mteja radhi, akamwacha na kichwa kilichosukwa nusu, akaingia ndani. Gogo alikuwa amelala kwenye kochi. Alimuuliza moja kwa moja kama siku ile alikuwa anajua anachofanya. Gogo akamjibu kwamba alijua, kwamba kaka yake alijiona sana, na kwamba asimsumbue.

Mkewe akainua alichokuwa ameshika. "Hiki ni nini?"

"Usinifanye mtoto."

"Niambie tu, baba watoto. Hiki kinaitwaje?"

Kilikuwa chanuo. Kimekuwa ndani ya nyumba ile tangu waoane. Gogo alikitazama, midomo ikacheza, akasema ni cha nywele. Akarudia, cha nywele, cha nywele. Kisha akaufunika uso kwa mto wa kochi. Mkewe anasema alikaa chini karibu naye, hadi mteja alipochungulia mlangoni kuuliza kama arudi kesho.

Daktari wa ubongo aliwaeleza kwamba mitikisiko mingi, mmoja juu ya mwingine bila kupumzika, huweza kuacha madhara ya namna ile, na kwamba hakuna anayeweza kuwaahidi kitakachorudi na kisichorudi. Kupanda ulingoni kukaishia hapo. Mtaalamu wa afya ya akili alimtibu sonona na kumsimamia aache vidonge polepole. Aliteleza na kuvirudia, akaanza upya, akateleza tena. Sasa ni zaidi ya mwaka hajavigusa.

Wa kwanza kumwendea alikuwa mama mkwe. Alipiga magoti sebuleni, akamweleza habari za chupa ile ya dawa. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilijua, mwanangu," alimwambia. "Nilikuwa nakusubiri uniombe."

Gogo anasema angependelea kofi.

Kwa shemeji yake alikwenda na mkewe. Mwewe alikuwa kibandani. Aliwasikiliza huku akiendelea kupanga kava za simu kwa mkono wa kushoto. Nilipomtembelea, alikubali kunirudia maneno aliyomjibu, akaomba yaandikwe kama yalivyo.

"Nilimwambia, kwa hiyo ulinivunja bila kunichukia. Sawa. Lakini mbele ya wenzetu ulisema nilijiona, na hilo ulilisema ukiwa na akili zako timamu. Bega nimekusamehe, shem. Neno bado."

Gogo hapingi. Anasema kichwa kibovu kinaeleza kilichotokea ulingoni, hakielezi kilichotokea chumbani. Hilo ndilo linalomfanya apite mlango wa nyuma. Ndilo linalomfanya, mtoto akimwita barabarani kwa jina la ulingoni, avuke upande wa pili.

Kwa muda mrefu amekuwa akimwomba promota ampe nafasi ya kusimama katikati ya ulingo, mbele ya watazamaji na wanamieleka wale wale, aseme ukweli. Promota alikataa, akisema watu hawalipi kiingilio kuja kuhuzunika. Refa aliyepishanisha mikono siku ile ndiye aliyemgeuza, kwa kumwambia kwamba asiporuhusu, atafute refa mwingine. Gogo amepewa muda mfupi kabla ya pambano la mwisho, mwezi ujao, bila muziki.

Anataka kuwaambia wanamieleka kwamba aliyegonga kichwa akae chini, na mwenzake asimcheke. Anataka kutaja pipi kwa jina lake halisi, ambalo ni dawa za kulevya. Lakini la kwanza, anasema, ni kulifuta lile neno alilolitamka chumbani, watu walewale wakisikia. Anafanya mazoezi jioni baada ya saluni kufungwa. Akipotelewa na neno, mkewe hamharakishi; anamngoja, na likigoma kabisa, analisema yeye.

Mwewe hajasema kama atakuja. Juzi alimpigia dada yake simu kumpa habari za afya ya mama. Walipokuwa wanaagana akauliza, kama mtu asiyejali, kwani shughuli hiyo inaanza saa ngapi.

Mkewe alikwenda kumwambia mumewe. Gogo alisikiliza, kisha akamwomba aseme tena. Mkewe hakujua kama amesahau au anataka tu kulisikia mara ya pili. Akamwambia tena.