Kanzu ya Baba Kwenye Kiwanja cha Gofu

Juzi, nyumbani kwangu Nshamba, mjukuu wangu alikuwa akitazama gofu kwenye televisheni. Akaniuliza, "Bibi, hawa wa leo wangepewa fimbo za zamani, za mipini ya mti, wangeweza?" Nikamwambia azime. Alishangaa, na wewe rafiki yangu utashangaa, lakini swali lile lilinichoma.

Nilikulia Buhembe, enzi za Mwingereza. Kule mjini Bukoba Wazungu walikuwa na kiwanja chao. Usifikiri kilikuwa zulia hili la kwenye televisheni. Ng'ombe walipita humo, mvua ikinyesha mpira ulizama kwenye tope, na kuzunguka kila shimo badala ya nyasi palikuwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu. Baba ndiye aliyeburuta gunia kuusawazisha. Jioni alinuka oili hata bibi, mama yake, akamtengea ndizi zake nje, asije akachafua majani mapya aliyotandika sakafuni.

Fimbo za Wazungu zilivunjika ovyo. Mkubwa wao akamwahidi baba: ukinichongea mpini utakaomaliza masika, utacheza nasi siku moja. Ahadi ni deni, baba alituambia, na aliamini. Akauchonga kwa mti wa mbuni, akaupaka samli. Akachonga na wa kwake. Alfajiri alikwenda malishoni, pekupeku, akapiga mipira iliyookotwa vichakani, nami nikaikimbilia. Iliangukia pale pale aliponionyesha kwa kidole.

Masika yakaisha, mpini mzima. Jumamosi iliyofuata bibi alitandika majani kama ya harusi, na baba akavaa kanzu yake ya kanisani. Kwetu mtu akialikwa huvaa. Nikamsindikiza hadi kwenye ua wa kiwanja.

Mkubwa yule alipomwona alicheka, na wenzake wakacheka. "Wageni wamefika," akasema. "Buruta mchanga."

"Ndiyo, bwana," baba akajibu. Akaburuta, mashimo yote, na kanzu nyeupe mwilini. Hasira ile sijaimeza mpaka leo.

Bibi aliifua kanzu kwa sabuni, kwa majivu, kwa matusi. Oili haikutoka kwenye pindo. Baba hakwenda tena malishoni alfajiri.

Sasa kiwanja kimekufa. Bibi hayupo, na majani hayatandikwi tena. Kila nyumba ina sakafu ya saruji. Fimbo ya baba ninayo, nyuma ya mlango.

Nilimwita mjukuu nikamjibu. Wangeweza. Mkono huzoea. Baba yangu naye angeweza, ila hakuna aliyemwacha ajaribu.