Siku Nilipokausha Nikeli ya Mwalimu

Jumanne, katikati ya Oktoba. Joto kali tangu asubuhi. Mawingu yalijikusanya upande wa Kolandoto kama yanataka kuleta mvua, kisha yakatawanyika.

Naandika kwa aibu, na ningeweza kuuacha ukurasa huu mweupe, lakini kiwanda kizima kimeona, sasa nimfiche nani? Leo nimewasha moto mbele ya wageni, nimeua mashine ya kuazima, na kuna jambo la tatu baya kuliko hayo mawili, nitalifikia.

Mimi ni mfagizi na msaidizi wa Mwalimu Leticia, anayefundisha kemia chuoni. Mzee Hirji, mwenye kiwanda cha sabuni hapa Shinyanga, alimpa chumba kimoja nyuma ya ghala la pamba ili ajaribu kazi yake. Kazi yenyewe ni hii (naieleza nilivyoielewa, na mimi niliishia darasa la saba): mafuta ya mbegu za pamba ni majimaji na sabuni yake inakuwa laini, lakini ukiyapitisha kwenye unga wa nikeli pamoja na gesi ya haidrojeni, yanaganda kama samli. Nikeli yenyewe haiishi, inachochea tu, ndiyo maana Mwalimu anaiita kichocheo. Shida ni kwamba ikishatumika inachoka, inashikana mabonge. Hapo ndipo kinapoingia kibeseni cha chuma cha umeme: unakijaza maji, unazamisha chupa yenye nikeli, nacho kinatoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu halisikii, viputo vinapasuka na kuisugua nikeli mpaka inaamka upya. Kibeseni si cha Mwalimu, kakiazima chuoni.

Leo Mzee Hirji alikuwa anakuja kuamua. Akiridhika, chumba kinabaki cha Mwalimu na kazi inaendelea. Asiporidhika, Ijumaa tunahama.

Asubuhi Mwalimu alichuja nikeli ya jana, akaiacha kwenye karatasi ikiwa tope jeusi, akaniambia, "Baba Kulwa, hii iache na maji yake. Isikauke." Ni kweli aliniambia, sitamsingizia. Hakusema kwa nini, lakini na mimi sikuuliza, na mdomo ninao.

Sasa, kabla ya kazi hii nilichenjua dhahabu, kuitenga na mchanga wake, miaka tisa kwenye machimbo ya upande wa Bulyanhulu, na kule ukimpelekea mnunuzi mzigo wenye maji anakuona tapeli. "Kausha kwanza, ndugu yangu, mimi sinunui maji." Hiyo imeniingia kwenye damu. Nilipoliona lile tope nikamwonea Mwalimu aibu: Mzee ni mfanyabiashara, aonyeshwe kitu kibichi, atufikirieje? Mwalimu alipotoka kwenda kumpokea getini, nikaihamishia nikeli kwenye sahani, nikaiweka juani dirishani. Nikajiona nimemsaidia (hapo ndipo penye kosa lote, mengine yalifuata yenyewe).

Mzee Hirji aliingia taratibu, tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Mlangoni walijaa wapakiaji wa sabuni, Mama Sayi mbele yao kama kawaida yake. Kibeseni kilikuwa kinafanya kazi mezani, na mtungi wa gesi ulikuwa nje umefungwa, kwa hilo namshukuru Mungu.

"Na huo unga wenyewe ukoje?" Mzee akauliza.

Kabla Mwalimu hajafungua mdomo nikawa nimeshaileta sahani kwa mikono miwili, kama mtu anayewapelekea wakwe pilau. "Huu hapa Mzee. Mkavu kabisa."

Mwalimu akageuka, uso ukambadilika. "Baba Kulwa, weka chini. Polepole."

Nilimsikia vizuri. Lakini mkono ulishaanza kuitikisa sahani, kama tunavyotikisa karai ili mnunuzi auone mzigo wote, na unga ukaanza kumetameta kwa wekundu kama kaa la mkaa linalopulizwa. Nikapiga ukelele, "Mayu wane!", kama mtoto anayemwita mama yake, nikairusha sahani, nayo ikaangukia kitambaa cha meza, kitambaa kikashika moto. Nikachukua jagi, nikachota maji yaliyokuwa karibu, yale ya kwenye kibeseni, mara moja, mara mbili, mara ya tatu moto ukazimika, na hapo kibeseni kilichobaki kikavu kikaanza kulia. Mwalimu alikimbilia swichi. Ilishatoka harufu ya waya ulioungua.

"Baba Kulwa," Mama Sayi akasema, "kule machimboni mlikuwa mnachimba dhahabu au baruti?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Mzee Hirji hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta wa ghala. "Mwalimu, unga huu unawaka bila kiberiti, na nyuma ya ukuta huu nina marobota ya pamba. Nani aliukausha?"

"Ni jukumu langu, Mzee," Mwalimu akasema. "Unga huu ukikauka, hewa tu inauwasha, na sikumweleza vya kutosha."

Nami nikanyamaza. Hilo ndilo jambo la tatu. Nilisimama na jagi mkononi, nikamwacha mwanamke aliyenipa kazi abebe kosa langu mbele ya watu wote wale.

Mchana nilimfuata Mzee ofisini kwake nikamweleza ukweli, kwamba nilikatazwa nikaukausha. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Umefanya vizuri kusema," akanijibu. "Lakini sikuuliza ili nimfukuze mtu. Binadamu atasahau tena, kama si wewe ni mwingine, na pamba haisamehe. Chumba nakichukua." Nimelifikiria neno lake kutwa nzima, na siwezi kusema kanionea.

Nilimkuta Mwalimu anafunga chupa kwa magazeti. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Ningekuambia kwa nini, usingekausha." Nikamwambia, "Ningeuliza, ungeniambia." Nikachukua gazeti na mimi, tukaendelea kufunga.

Naapa hapa: nikiambiwa usifanye, nitauliza kwa nini hata kama nitaonekana mjinga, na kosa langu halitakaa tena mabegani mwa mtu mwingine hata kwa dakika moja.

Jioni tumekula ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa karanga. Habari ilishafika nyumbani kabla yangu, Kulwa na Doto wakataka niwaonyeshe nilivyorusha sahani. Mama Kulwa akawaambia, "Mwacheni baba yenu ale."